Dawa Hutangulia Kisu

Mtu ambaye nyonga yake imelika hatembei ila kwa maumivu. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mganga John Charnley alianza kuwatilia wagonjwa wa namna hiyo nyonga mpya: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, vyote viwili vimeshikishwa mfupani kwa saruji ya pekee. Waliokuwa wakichechemea wakatembea.

Lakini palikuwa na adui, ndiye kijidudu. Mwili una damu, na damu huleta askari wa kupigana na vijidudu. Chuma na plastiki havina damu. Vijidudu vichache vikishika hapo, hujifunika utando, na dawa haivifikii vizuri. Mara nyingi hapana budi kukitoa kiungo chenyewe. Hapo mwanzo, katika wagonjwa 100 wa Charnley, kama 7 walipata usaha.

Charnley alishuku hewa. Akajenga chumba kidogo ndani ya chumba cha upasuaji, chenye hewa iliyochujwa. Waganga wakavaa mavazi yanayofyonza pumzi yao. Kufika mwaka 1970 hesabu ilishuka chini ya 1 katika 100, wala hakuwapa dawa ya kukinga.

Wengine walitegemea dawa. Mwaka 1961, huko Boston, Marekani, mganga John Burke alionyesha kwa wanyama kwamba antibiotiki hufaa sana ikiwa imetangulia mwilini. Ikichelewa saa 3 baada ya vijidudu kuingia, haifai kitu. Huko Hamburg, Ujerumani, mganga Buchholz akachanganya dawa ya gentamisini katika saruji yenyewe.

Basi ipi yafaa, hewa au dawa? Mwaka 1982 Waingereza walitangaza hesabu ya pasuaji zaidi ya 8,000. Hewa safi ilipunguza usaha kwa nusu; na wagonjwa waliopata antibiotiki pia, usaha ulipungua zaidi. Kumbe ni mikono miwili ya kazi moja.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliagiza: dawa itolewe ndani ya saa 2 kabla ya kukata, wala isiendelezwe upasuaji ukiisha ili kukinga tu. Kuizidisha siku nyingi hakukingi zaidi, bali huvizoeza vijidudu kuishinda dawa. Kwa hiyo, ndugu yako akipasuliwa, usinung'unike kwamba sindano ni chache. Uliza tu: je, ya kwanza ilitangulia kisu?