Nyumba Kuukuu na Karatasi Yake

Fikiri, ewe msomaji, kwamba umeonyeshwa nyumba kuukuu katika mji wa Garissa, karibu na mto Tana. Mabati yake yameshika kutu, lakini kuta ni imara na bei ni nafuu. Muuzaji asema amekaa humo miaka arobaini, na majirani wote washuhudia. Je, utatoa fedha zako? Kabla hujajibu, yafaa tuitazame kwanza historia ya nchi ile.

Hapo zamani Wasomali wafugaji hawakuwa na haja ya kununua nyumba kuukuu. Nyumba yao, iitwayo aqal, ilikuwa ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Wanawake ndio walioijenga. Na wakati wa kuhama ulipofika, waliibomoa ikapakiwa juu ya ngamia. Nyumba ilikuwa ya jamaa moja, bali malisho yalikuwa ya ukoo mzima. Hakuna aliyeuliza karatasi.

Serikali ya kikoloni ilileta fikira nyingine. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 ilihesabu hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji kuwa mali ya Taji la Uingereza. Mwaka 1926 wilaya ya mpaka wa kaskazini ilifungwa, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka pasipo kibali. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, vita vya Shifta vilikuwa vimekwisha kuanza, navyo viliendelea hata mwaka 1967. Sehemu kubwa ya ardhi iliwekwa chini ya halmashauri kuwa ardhi ya amana. Mji ulikua, watu wakajenga. Lakini wengi walijenga bila hatimiliki.

Sasa sikiliza jambo la huzuni. Mwezi Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari walichoma moto mtaa wa Bulla Kartasi. Watu wengi walikufa, na mali nyingi ikateketea. Fikiri juu ya aliyenusurika: ukuta umekuwa majivu na jirani aliyeujua mpaka amekufa. Ataonyesha nini ili aaminiwe kwamba kiwanja kile kilikuwa chake? Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Labda utasema kwamba miaka hiyo imepita. Ni kweli, sheria zimebadilika. Katiba ya mwaka 2010 yagawa ardhi ya Kenya katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa imewekwa mikononi mwa serikali ya kaunti kwa amana, nayo haina ruhusa ya kuiuza. Aidha, kwa sheria ya mwaka 2020, hata mwenye vyumba katika ghorofa aweza kupata hati yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika ngazi, paa na uwanja wa wote.

Lakini sheria haimsaidii asiyeitumia. Kwa hiyo nenda kwanza kwenye ofisi ya ardhi, uombe upekuzi wa daftari. Tazama jina lililoandikwa ni la nani, na kama hati imewekwa rehani. Mwite mpima ardhi akuonyeshe mipaka. Uliza kama kodi ya kiwanja imelipwa, na kama mke au mume wa muuzaji ameridhia. Usione haya kuuliza. Hata Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, yawaamuru watu waandikiane deni la muda na kuweka mashahidi.

Basi, msomaji, ukinunua nyumba kuukuu hununui kuta tu, bali wanunua na historia yake. Kuta zikibomoka zaweza kujengwa tena. Haki isiyoandikwa ikipotea, ni vigumu kuirudisha.