Kibarua, kipande na jedwali la saa

Leo tupitie historia kidogo. Sisi tunaoandika programu za kusimamia miradi hupokea ombi hili mara kwa mara: saa za mtu fulani zimeingizwa mradi usio wake au wiki isiyo yake, zihamishe. Kwa hifadhidata hiyo ni amri ya mstari mmoja. Kwa mwenye saa hizo ni mshahara.

Hebu tuanze na neno kibarua. Mmisionari Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, anaeleza kwamba maana yake ni barua ndogo. Watu walioajiriwa kwa siku waliitwa hivyo kwa sababu walipewa cheti, wakakirudisha walipolipwa. Yaani ushahidi wa siku ya kazi ulikaa mkononi mwa aliyeifanya.

Kisha kikaja kipande. Kule Usambara, mwaka 1907, serikali ya Wajerumani iliwapa wanaume kadi za kuwalazimisha kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa walowezi. Kenya nayo ilikuwa na tikiti ya siku 30: siku ikiisha bwana anaitia alama. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku hiyo haihesabiwi. Juu ya hayo kukawa na kipande cha usajili, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, nacho kilivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku. Alipokamatwa, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi tarehe 16 Machi 1922. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa. Kipande kilifutwa mwaka 1947.

Tazameni tofauti. Kadi ilikuwa bado kwa mfanyakazi, lakini kalamu ilikuwa kwa bwana.

Leo hata kadi hana. Hapa Baba Dogo, vibarua husimama asubuhi nje ya mageti ya viwanda wakingoja kuitwa, na orodha ya siku zao hubaki ndani, kwenye daftari la msimamizi au kwenye seva. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja hupata haki ambazo wa siku moja hana. Siku moja ikipotea, hesabu hiyo inaharibika.

Saa pia. Agizo la jumla la mishahara linaweka saa 52 kwa wiki ya siku sita; zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Tuseme mtu amefanya saa 56 wiki hii na 48 wiki ijayo. Mtu "akisahihisha" kwa kusogeza saa 4, kila wiki inakuwa 52. Jumla ni ile ile 104, ripoti inapendeza, na ovataimu imeyeyuka!

Basi, waundaji programu wenzangu, saa zikikosewa msifute. Acheni mstari wa kwanza ulivyo. Ongezeni miwili: mmoja wa kutoa 4 pale palipokosewa, mwingine wa kujumlisha 4 panapostahili, pamoja na jina la aliyebadilisha, tarehe na sababu. Hivyo ndivyo wahasibu wanavyosahihisha vitabu vyao tangu zamani. Halafu mpelekeeni mwenye saa ujumbe mfupi kwenye simu, kabla wiki haijafungwa, aone na apate nafasi ya kupinga.

Ujumbe huo hugharimu pesa kidogo sana. Nao ni barua ndogo, kama ile ya Unguja.

Kwaherini kwa leo.