Ga-Matoran: Mmatorani wa Maji

Mwaka 2001 kampuni ya Lego ya Denmark ilianza kuuza midoli ya kuunganisha iitwayo Bionicle, ikaisindikiza kwa hadithi ndefu iliyoendelea hadi 2010. Wahusika wake kwa nje ni vyuma na viungo vya mashine. Kwa ndani wana misuli na mapafu, wanavuta pumzi, wanachoka, wanaogopa. Wenyeji wa kawaida wa hadithi hiyo ni Matoran, na walio upande wa maji, wenye rangi ya buluu, ndio Ga-Matoran.

Mfumo wa majina hayo haumpi taabu mzungumzaji wa Kiswahili. Ga ni maji. Koro ni kijiji, basi Ga-Koro ni kijiji cha maji. Metru ni mtaa wa jiji, basi Ga-Metru ni mtaa wa maji. Ta- ni ya moto, Po- ya mawe, Ko- ya barafu. Sisi wenye Mpemba, Kipemba na Upemba tumezoea shina moja kuvishwa viambishi tofauti. Ila kiambishi chetu hueleza ngeli tu, hakibebi maji wala moto, kwa hiyo kazi ya Ga- kwa Kiswahili lazima ifanywe na neno zima.

Neno lipi? Hapa ndipo penye kazi. “Mwanamaji” limeshachukuliwa na mabaharia na jeshi lao. “Mtumaji”, ukiliunganisha bila kistari, ni yule anayetuma barua au kifurushi. Wengi wangekimbilia “watu wa majini”, na hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni ya Pwani: majini ni ndani ya maji, na majini ni wingi wa jini, na msomaji atakayeona jambo la mizimu katika kitabu cha watoto hatakuwa na kosa. Ya pili ni nzito zaidi, maana inapotosha hadithi. Ga-Koro ni vibanda vilivyojengwa juu ya majani mapana yanayoelea kwenye ghuba. Wakazi wake wanavua, wanaendesha mitumbwi na ni hodari wa kuogelea, lakini wanaishi juu ya maji, si ndani yake. Katika mchezo wa kompyuta wa mwaka huohuo wa 2001, wanakijiji hao wananaswa ndani ya kibanda kilichozamishwa na mnyama wa maji, na inabidi waokolewe. Nguva asingehitaji kuokolewa hapo. Anayetaka kupumua chini ya maji huvaa barakoa maalumu iitwayo Kaukau.

Kwa hiyo napendekeza “wa maji”, bila kiambishi tamati cha mahali. Inatosha kusema maji ndiyo asili yao na mazingira yao. Namna wanavyopatana nayo tuiachie hadithi.

Kaukau, kwa Kimaori, ni kuoga au kuogelea, na si neno pekee lililochotwa huko New Zealand. Mwanzoni wenyeji hawa waliitwa Tohunga, jina ambalo kwa Wamaori ni la mjuzi anayeheshimiwa katika dini na sanaa. Wamaori walilalamika, kampuni ikaliacha, na Matoran likashika nafasi yake. Kwa mfasiri hilo ni nafuu: Matoran ni neno la kubuni, halina mwenyewe wa kumwudhi, na linakubali kuvaa mavazi yetu bila ubishi. Mmatorani, Wamatorani. Sioni haja ya kulibunia neno jipya, hasa tukikumbuka jinsi “tarakilishi” ilivyopendekezwa na watu wakaendelea kusema kompyuta.

Imebaki fasili ya jumla, ile tutakayoiandika kwenye kamusi tunayoiandalia jina hili. “Mashine-mtu” au “mtu-mashine”? Kiswahili huweka mbele lile lililo kuu: mbwa mwitu ni mbwa kwanza. Hadithi yenyewe inasema Wamatorani waliundwa wawe vibarua ndani ya mwili wa roboti mkubwa mno, aitwaye Mata Nui, na baadaye wakapata utambuzi wao wenyewe. Walianza kama mashine, lakini tunapokutana nao wana majina, urafiki na vijiji. Basi mtu atangulie, na upatanisho wa kisarufi umfuate: mtu-mashine anavua, watu-mashine wanavua.

Jambo moja litapotea, na sina dawa yake. Ga-Matoran karibu wote ni wa kike, na Kiingereza hulionyesha hilo kila kinapotumia kiwakilishi. “Yeye” yetu haitofautishi jinsia. Mfasiri atalazimika kulitaja mapema, mara moja, kisha aendelee na safari yake.

Kwa kamusi, basi: Mmatorani wa Maji, wingi Wamatorani wa Maji, mtu-mashine wa kubuni wa rangi ya buluu ambaye asili na mazingira yake ni maji.