Kwa nini pilipili ya dukani haiwashi kama zamani?

Chupa imeandikwa "kali sana", lakini ukionja unabaki kujiuliza kama walisahau kuweka pilipili. Huko Marekani, wapenzi wa jalapeño wanalalamika hivyo, na si kwamba ndimi zao zimezoea. Pilipili yenyewe imebadilishwa.

Ukali unatoka wapi?
Kinachowasha ni kemikali iitwayo kapsaisini. Wengi hudhani imo kwenye mbegu, kumbe hutengenezwa kwenye ile nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu. Ukali hupimwa kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa na mfamasia Wilbur Scoville mwaka 1912. Jalapeño ya kawaida hupata kati ya 2,500 na 8,000.

Mbegu ya Texas
Mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilitoa jalapeño ya upole, kazi ya mtafiti Benigno Villalón. Ukali wake ni mdogo, lakini inahimili virusi vinavyoharibu mashamba ya pilipili. Wakulima waliipenda, na wenye viwanda vya salsa wakaipenda zaidi.

Viwanda vinataka nini?
Pilipili ya shambani haitabiriki. Mmea ukikosa maji huzaa matunda makali zaidi, na hata matunda ya mche mmoja hutofautiana. Kiwanda kinataka kila chupa iwe na ladha ileile. Kwa hiyo hununua pilipili isiyo kali, kisha huongeza dondoo lake, oleoresini, kwa kipimo maalumu. Salsa ya upole na ile kali zinaweza kutoka shamba moja. Tofauti ni matone tu.

Nani anaumia?
Ni anayenunua jalapeño mbichi. Mbegu zilizotafutwa kwa ajili ya viwanda zimefika pia kwenye mbogamboga za dukani, ila matone ya kuongeza ukali hayakufuatana nazo.

Ufanyeje?
Soma lebo. Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, hivyo ukiona nyanya, maji, siki na sukari vimetangulia, jua pilipili imewekwa ya kusindikiza tu. Ukitaka moto wa kweli, badili aina: habanero huanzia takribani 100,000. Na usitoe ile nyama nyeupe, maana ndiyo yenye moto.