Hospitali Kubwa za Tanganyika na Fedha Zilizozijenga

Katika mazungumzo haya twataka kusimulia habari za hospitali kubwa za Tanganyika, nchi ambayo tangu mwaka 1964 ni sehemu ya Tanzania. Hatukusudii kuhesabu majengo, maana majengo kila apitaye njiani huyaona. Twataka kuuliza fedha zilitoka mfukoni mwa nani, na ni nani aliyelala katika vitanda vilivyonunuliwa kwa fedha hizo. Mara nyingi watu hao hawakuwa wamoja.

Tuanze Dar es Salaam, zamani za Wajeremani. Mwaka 1897 ilifunguliwa hospitali nzuri kando ya bahari kwa ajili ya Wazungu. Ndiyo iliyoitwa baadaye Ocean Road, na tangu mwaka 1996 ni taasisi ya kutibu saratani. Mwaka huo huo wa 1897 Waafrika na Wahindi nao walipata hospitali yao mjini, lakini fedha za kuijenga hazikutoka katika hazina ya Serikali. Zilitolewa na Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi. Mwaka ule ule akafariki. Basi Serikali iliwajengea walio wachache, na mfanya biashara akawajengea walio wengi. Jengo moja la wodi pale Muhimbili huitwa Sewahaji mpaka leo, nasi twadhani si wote walazwao humo wajuao kuwa hilo ni jina la mtu.

Waingereza waliposhika nchi baada ya vita vya 1914–1918, waliona upesi kuwa ni pana mno. Mgonjwa wa Ufipa hawezi kuchukuliwa kwa machela hata Dar es Salaam. Kwa hiyo tangu mwaka 1926, wakati Dr. J. O. Shircore alipokuwa mkuu wa idara ya uganga, zilianzishwa zahanati ndogo ndogo za wenyeji. Kijana alifundishwa hospitalini kusafisha vidonda, kufunga bandeji na kutoa dawa za magonjwa ya kawaida, kisha akarudishwa kwao. Watu wakamwita dresa. Mshahara wake ulitoka katika hazina ya wenyeji, yaani lile fungu la kodi lililoachiwa watawala wa kienyeji. Hapo mlipa kodi aliweza angalau kwenda kwa miguu yake akaione kodi yake inafanya kazi gani. Lakini tusitie chumvi. Dresa hakuweza kupasua tumbo, wala kumwokoa mama ambaye uchungu umemshika siku tatu na mtoto hatoki. Kwa mambo hayo ilihitajiwa hospitali yenye daktari, na hospitali zilikuwa chache.

Vita vya pili vilipokwisha, fedha za kujengea zilianza kupatikana kuliko zamani. Kwa sheria ya mwaka 1945 Bunge la Uingereza liliweka pauni milioni 120 kwa maendeleo ya makoloni yote kwa muda wa miaka 10. Dar es Salaam ikapata hospitali mpya, iliyofunguliwa mwaka 1956 na kuitwa kwa jina la Princess Margaret; ndiyo Muhimbili ya leo.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Profesa Richard Titmuss wa London na wenzake waliombwa kutoa mashauri, na taarifa yao ilitoka mwaka 1964. Walishauri nguvu iwekwe katika vituo vya afya vijijini kabla ya kuongeza hospitali kubwa. Sababu yake yafaa kufikiriwa sana. Jengo hulipiwa mara moja, lakini hospitali hula kila siku: mishahara, dawa, chakula cha wagonjwa, sabuni, shuka, mafuta ya mashine ya umeme. Mfadhili wa ng'ambo hukata utepe akaenda zake, na mwenye nchi hubaki na hesabu ya mwaka huu, na ya mwakani, na ya miaka yote ijayo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililisema jambo hili kwa ukali zaidi. Lilieleza kwamba hospitali kubwa zimo mijini na huwafaa watu wachache, na kama zimejengwa kwa mikopo ya nje, atakayeilipa ni mkulima, kwa mazao yake yauzwayo ng'ambo.

Hata hivyo, mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa mno: KCMC mjini Moshi, na Bugando juu ya kilima mjini Mwanza. Zilijengwa na makanisa kwa msaada wa nje. Je, lilikuwa kosa? Sisi hatuoni hivyo. Kutoka Mwanza hata Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu aliyevunjika uti wa mgongo hawezi kustahimili mwendo huo. Watu wa Ziwa walistahili kuwa na daktari bingwa karibu nao. Lakini ni kweli pia kwamba gharama za kila siku zilikuwa nzito. Serikali iliichukua Bugando mwaka 1972, ikairudisha kwa maaskofu mwaka 1985. Na katika miaka ile ile ya mwanzo, TANU na Serikali waliamua kuipa vijiji nafasi ya kwanza, wakaweka kipimo: zahanati moja kwa watu 10,000, na kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000.

Mwaka 1993 Serikali ilianza kutoza ada, ikaanzia katika zile hospitali za rufaa na za mikoa. Mkulima wa pamba aliyefika hapo alitoa fedha tena mlangoni. Wajawazito walisamehewa, na watoto wasiotimia miaka mitano, na wenye kifua kikuu au ukoma. Maskini naye alisamehewa kwa kanuni, ila ilimpasa kwanza kuuthibitisha umaskini wake.