Lefebvre: Mhunzi na Herufi Isiyotamkwa

Lefebvre ni jina la ukoo la Kifaransa, na maana yake ni mhunzi. Huandikwa kwa herufi nane, lakini Mfaransa hulitamka "lefèvr", akiiruka herufi b kana kwamba haipo. Katika orodha ya majina ya koo yaliyoenea Ufaransa, Lefebvre limo ndani ya ishirini ya mwanzo, nyuma ya Martin ambalo limeongoza kwa muda mrefu. Hata hivyo nafasi hiyo inalipunja, kwa sababu orodha huhesabu maandishi, si maana. Lefèvre, Lefeuvre, Lefébure, Faure, Favre na Fabre huhesabiwa kila moja peke yake, ilhali yote ni mhunzi yuleyule aliyepita kwenye lahaja na kalamu mbalimbali.

Mzizi wa majina hayo ni neno la Kilatini *faber*. Kwa Warumi neno hilo lilifanya kazi inayokaribia sana ile ya "fundi" katika Kiswahili: lilihitaji jingine la kulifuata ili ijulikane ni fundi wa nini. *Faber tignarius* alikuwa seremala, na *faber ferrarius* alikuwa fundi wa chuma. Kilatini kilipogeuka polepole kuwa Kifaransa cha kale, *faber* likawa *fevre*, na maana yake ikabana hadi kubaki kwa mfua chuma. Fundi wa dhahabu alipata jina lake mwenyewe, *orfèvre*, ambalo lingali hai: gati la Quai des Orfèvres jijini Paris limeitwa kwa sonara hao. *Fèvre* lenyewe halikudumu. Lilisukumwa nje na *forgeron*, neno linalotokana na *forge*, yaani karakana ya mhunzi. Na *forge*, kwa upande wake, limezaliwa na neno la Kilatini *fabrica*, ambalo ni tawi la *faber*. Mjukuu alichukua kazi ya babu, na babu akabaki katika majina ya watu tu.

Majina ya koo yalianza kushika mizizi Ufaransa kati ya karne ya 11 na ya 13. Kabla ya hapo mtu alitosheka na jina la ubatizo, lakini idadi ya watu ilipokua, kijiji kimoja kiliweza kuwa na akina Jean sita, na ilibidi wapambanuliwe. Wengine walitajwa kwa baba zao, wengine kwa mahali walipoishi, wengine kwa umbo au tabia, na wengine kwa kazi. Kazi ya uhunzi ilikuwa kitambulisho bora kuliko nyingi. Wakulima walijaa kila mahali, hivyo kumwita mtu "mkulima" hakukumtenga na jirani yake. Mhunzi kwa kawaida alikuwa mmoja kijijini. Ndiye aliyenoa majembe, aliyetengeneza bawaba za milango, aliyevisha farasi viatu vya chuma. Mlio wa fuawe yake ulisikika mbali, na hakuna kaya iliyoweza kuishi bila kumtembelea. Jean le Fevre hakuhitaji maelezo zaidi. Mtoto wake alipoacha nyundo na kushika kazi nyingine, jina lilibaki.

Ndiyo maana karibu kila lugha ya Ulaya ina jina kama hili: Smith la Waingereza, Schmidt la Wajerumani, Ferrari la Waitalia, Kowalski la Wapoland. Waarabu wana al-Haddad, jina ambalo msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki analijua kupitia ratibu ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut. Ndani ya Ufaransa kwenyewe jina hubadilika kwa kadiri msafiri anavyosonga. Kaskazini, hasa Picardie, Normandie na eneo la Nord, ndiko nyumbani kwa Lefebvre na Lefèvre, na kiambishi *Le* kilichoganda mwanzoni ni alama ya upande huo, kama ilivyo kwa Leroy na Leclerc. Magharibi, kuelekea mdomo wa mto Loire, huwa Lefeuvre. Kusini kiambishi hutoweka: ni Fabre na Faure, kama mchunguzi wa wadudu Jean-Henri Fabre na Rais Félix Faure aliyefia madarakani mwaka 1899. Savoie wana Favre. Wabretoni, ambao lugha yao ni ya Kikelti, humwita mhunzi *gof*, na hapo ndipo linapotoka jina la mwanahistoria Jacques Le Goff. Waflandria husema Smet. Mwimbaji Johnny Hallyday, ambaye kwa Wafaransa wengi alikuwa sura ya Ufaransa yenyewe, alizaliwa Jean-Philippe Smet, mtoto wa baba Mbelgiji. Naye pia alikuwa wa ukoo wa mhunzi.

Herufi b ni kisa cha peke yake. Haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote kijijini. Iliingizwa na makarani. Mwishoni mwa Zama za Kati, waandishi waliosoma Kilatini walipenda kuyavisha maneno ya Kifaransa herufi za wazee wao, na kwa kuwa *fevre* lilitoka kwa *faber*, wakaona b inastahili kurudishwa. Palikuwa pia na sababu ya manufaa. Katika hati za wakati huo u na v zilikuwa herufi moja, hivyo *feure* lingeweza kusomwa kwa namna mbili. Herufi b ilimwonya msomaji kwamba inayofuata ni konsonanti. Onyo hilo halikueleweka na wote. Baadhi ya waliokuja baadaye waliona *Lefebure* na kulisoma kama lilivyo, wakitamka b na u zote mbili, na hivyo likazaliwa jina jipya, Lefébure, lililobebwa na mpiga kinanda wa kanisa Louis Lefébure-Wely katika karne ya 19. Ni nadra kupata jina lililozaliwa na kosa la kusoma, na hili ni mojawapo.

Msomi Jacques Lefèvre d'Étaples alikwenda mbali kuliko makarani. Katika vitabu vyake vya Kilatini alijiandika Faber Stapulensis, akilirudisha jina lote kwenye chanzo chake. Ndiye aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kifaransa mwaka 1523.

Mwaka 1539 Mfalme François I alitoa amri ya Villers-Cotterêts, iliyowataka mapadri kuweka daftari za ubatizo. Amri hiyo iliyafunga majina kwenye karatasi, lakini haikufunga tahajia: padri aliandika alichosikia, na mtu mmoja aliweza kubatizwa Lefevre na kuzikwa Lefebvre. Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyokomesha uhuru huo. Sheria ya tarehe 6 Fructidor ya mwaka wa pili wa Jamhuri, yaani tarehe 23 Agosti 1794, ilimkataza raia kutumia jina lolote tofauti na lililo katika cheti chake cha kuzaliwa. Tangu hapo kosa la karani likawa urithi.

Waliolibeba jina hili hawafanani hata kidogo. François Joseph Lefebvre alikuwa jemadari wa Napoléon aliyeuteka mji wa Danzig mwaka 1807. Georges Lefebvre aliandika historia ya wakulima katika Mapinduzi, na Henri Lefebvre alikuwa mwanafalsafa wa Kimarx. Askofu mkuu Marcel Lefebvre, aliyetengwa na Kanisa mwaka 1988 kwa kuwaweka wakfu maaskofu bila idhini ya Papa, aliliongoza kuanzia 1962 hadi 1968 Shirika la Roho Mtakatifu, lilelile lililoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868.

Nje ya Ufaransa jina lilisafiri na walowezi na wakimbizi. Waprotestanti waliokimbia mateso walilifikisha New York, ambako ndugu wawili wa ukoo wa LeFevre walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mji wa New Paltz mwaka 1678. Huko Québec lilienea sana, na kutoka huko likavuka mpaka kuingia Marekani, likaandikwa Lafave na kwa namna nyingine nyingi. Baadhi ya familia zilikutana na watu waliosikia ndani yake *fève*, yaani haragwe, wakalitafsiri hivyo. Wajukuu hao wa mhunzi leo wanaitwa Bean.