Jane tunamjua. Je, walioshika daftari Gombe na Mahale tunawajua?

Leo tunaweka pembeni ndoa za mastaa na ugomvi wa wasanii, tunapanda boti Kigoma mjini tunaelekea kaskazini, kwenye msitu wa Gombe.

Jane Goodall alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, karibu kila mtu alimposti. Status za WhatsApp zilijaa yule bibi mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma. Ni haki yake kabisa, mama alifanya kazi. Ila stori ya Gombe ina watu wengine ambao hakuna aliyewaposti, na bila wao stori ingekatika katikati. Tuwaongelee hao leo, maana kuna kitu cha kujifunza hasa kwa sisi tunaoambiwa kila siku kwamba bila cheti hakuna maisha.

Bosi mwenyewe alianza bila digrii

Wengi wanadhani Jane alikuja Tanzania akiwa tayari msomi mkubwa. Hapana. Nyumbani Uingereza alisomea ukatibu muhtasari, kazi ya kupiga chapa na kupanga mafaili. Akafanya kazi ya kuhudumia mezani ili apate nauli ya meli. Mwaka 1957 akatua Kenya, akakutana na Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, akaajiriwa kama sekretari wake.

Leakey alikuwa anatafuta mtu wa kwenda kuwaangalia sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Hakutaka msomi aliyejazwa nadharia za vitabuni. Alitaka mtu mwenye macho na uvumilivu. Ndio Jane akapata shavu. Julai 1960, akiwa na miaka 26, akafika Gombe. Serikali ya kikoloni haikukubali binti akae porini peke yake, kwa hiyo akaja na mama yake mzazi. Mama naye akafungua kazahanati kadogo, akawa anawagawia dawa wavuvi wa dagaa waliopiga kambi ufukweni.

Novemba mwaka huohuo Jane akamwona sokwe anatumia kijiti kuvulia mchwa kwenye kichuguu. Dunia ya sayansi ikatikisika, kwa sababu wakati huo iliaminika kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza na kutumia zana. Baadaye Cambridge wakampokea kusomea udaktari wa falsafa bila kuwa na digrii ya kwanza. Akaumaliza mwaka 1966.

Wenyeji nao walikuwa na macho

Sasa hapa ndipo stori inapogeuka. Tangu siku za mwanzo Jane hakuwa peke yake mlimani. Alikuwa na wenyeji waliomwonyesha njia na mabonde. Baadaye wanafunzi wa nje wakaanza kumiminika Gombe, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mmoja wao akaanguka kwenye genge akafariki. Baada ya msiba ule ikawekwa sheria: mwanafunzi haingii msituni bila kuongozana na mtu wa Kigoma.

Watu hao walikuwa akina nani? Vijana wa vijiji vya jirani, wengi watoto wa wavuvi na wakulima, shule yao ya msingi tu. Mwanzoni kazi yao ilikuwa kuongoza njia. Lakini ukimfuata sokwe kila siku kuanzia anapoamka kwenye kiota chake hadi anapojenga kingine jioni, utajifunza tu upende usipende. Wakawa wanamtambua kila sokwe kwa sura na kwa jina. Wakajua nani mama yake nani, nani anamwogopa nani, mti gani unaliwa mwezi gani. Mwanafunzi wa nje anakaa mwaka mmoja au miwili, anaondoka na tasnifu yake. Wao wapo palepale.

Mfano mmoja. Tarehe 7 Januari 1974 kundi la sokwe wa upande wa Kasakela lilivuka mpaka kimyakimya likamkuta dume mmoja wa kundi la Kahama, Godi, anakula peke yake. Wakamkamata na kumpiga vibaya sana, na hakuonekana tena. Hilo ndilo tukio lililofungua ile vita maarufu ya sokwe ya miaka minne, iliyoandikwa kwenye vitabu dunia nzima. Aliyeona tukio hilo kwa macho yake ni Hilali Matama, Mtanzania aliyekuwa kiongozi wa hao wafanyakazi wa msituni. Binadamu wa kwanza kushuhudia na kuandika kwamba sokwe nao wanavamia jirani zao na kuua ni mtu wa kwetu. Jina lake ulishawahi kulisikia kabla ya leo?

Usiku wa Mei 1975

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakavamia kambi ya Gombe. Walikuwa waasi wa Laurent Kabila, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa Kongo mwaka 1997. Wakateka watu wanne: wanafunzi watatu wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Stanford na msichana mmoja Mholanzi. Wote waliachiwa baadaye wakiwa hai, baada ya mazungumzo marefu.

Baada ya hapo watafiti wa nje wakaondolewa. Jane mwenyewe akawa anaishi Dar es Salaam na kwenda Gombe kwa safari fupifupi. Kwa akili ya kawaida utafiti ulitakiwa kufa palepale.

Haukufa. Asubuhi watu wa Kigoma walichukua madaftari wakapanda mlima. Hakuna mwanafunzi wa kumsindikiza tena, kwa hiyo wao ndio wakawa watafiti. Sehemu kubwa ya vita ya Kasakela na Kahama iliendelea wakati huo, na wao ndio walioifuatilia. Ndio haohao walioshuhudia kisa cha kutisha cha mama sokwe aitwaye Passion na binti yake Pom, waliokuwa wakiwanyang'anya majike wengine watoto wao na kuwala. Habari zilikuwa zinamfikia Jane akiwa Dar.

Na mpaka leo kwenye maandishi wanaitwa wasaidizi wa utafiti. Mimi nauliza tu: msaidizi wa nani, na bosi hayupo?

Sayansi iliyoandikwa kwa Kiswahili

Hiki ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Kila dakika 15 mfanyakazi anaweka alama ya mahali sokwe alipo na nani yuko naye. Karatasi ya alama hizo inaitwa tiki, hivyohivyo, hata wazungu wanaiita tiki. Pembeni yake kuna maelezo marefu ya kila kilichotokea, na yanaandikwa kwa Kiswahili. Ndipo yanatafsiriwa kwenda Kiingereza na kuingizwa kwenye kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani.

Kwa hiyo mtu akikwambia Kiswahili hakifai kwa sayansi, mwambie aende akaangalie madaftari ya Gombe.

Mahale: Mzee aliyelijua jani

Shuka kusini kando ya ziwa hilohilo ufike Mahale. Huko Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi mwaka 1965, na walioajiriwa kuwaongoza walikuwa Watongwe, wenyeji wa milima ile.

Novemba 1987 sokwe jike anayeitwa Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea hata kutembea kazi. Akachuma tawi la mmea ambao Watongwe wanauita mjonso, akamenya gome, akawa anatafuna ule moyo wa ndani wenye uchungu mkali na kunyonya maji yake. Mtafiti Michael Huffman akamuuliza mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde ule ni mmea gani. Mohamedi alikuwa pia mtaalamu wa mitishamba ya kwao. Akamwambia hiyo ni dawa kali, hata watu wanaitumia kwa homa na matatizo ya tumbo. Kesho yake Chausiku akaonekana amepata nafuu.

Kutokana na hapo ukazaliwa utafiti mzima wa jinsi wanyama wanavyojitibu, na maabara zikaja kukuta kwenye mmea huo kemikali zinazopambana na vimelea. Makala ya kisayansi ya mwaka 1989 iliyoeleza kisa hicho ina majina mawili, Huffman na Seifu. Hapo heshima ilienda mahali pake, na inaonyesha kwamba inawezekana.

Siku hizi njia ni ipi?

Siku hizi mchongo wa uhifadhi unapitia darasani. Chuo cha Mweka kule Moshi kilianzishwa mwaka 1963 ili Waafrika washike hifadhi zao wenyewe. Kipo Pasiansi cha Mwanza kwa askari wa wanyamapori, na SUA Morogoro kwa wanaotaka digrii. Ni vizuri, na mimi sipingi shule. Kazi imekuwa ngumu, ina sheria, ina silaha, ina kompyuta.

Ila historia inasema kitu kingine pia. Sekretari wa Kiingereza asiye na digrii alipewa nafasi kwa sababu ya macho yake, akaishia kuitwa daktari. Mtoto wa mvuvi wa Kigoma asiye na digrii alikuwa na macho yaleyale, kwenye msitu uleule, kwa miaka mingi zaidi, akaishia kuitwa msaidizi. Tofauti yao haikuwa kwenye kazi.

Kama una babu, mjomba au jirani aliyewahi kufanya kazi porini, Gombe, Mahale, Serengeti, Selous, popote, muulize stori yake angali hai na uiandike. Halafu tuachie kwenye komenti hapo chini, tusome wote.